Deni la Maji ya Quabbin

Mtu wa mjini afunguapo bomba asubuhi ili anawe uso, ni mara chache sana ajiulizapo maji yale yametoka wapi. Yakitiririka, huridhika, yakikatika, hukasirika. Kati ya kuridhika kwake na kukasirika kwake hakuna nafasi ya swali la tatu, nalo ndilo lililo kubwa kuliko yote: ni nani aliyelipa ili maji haya yapate kufika hapa? Hatusemi habari ya ankara iletwayo nyumbani, maana hiyo ni bei ya kuyasafirisha tu. Twasema habari ya wale waliotoa mahali pao ili maji yapate pa kukaa.

Jibu la swali hilo laonekana wazi katika jimbo la Massachusetts, kaskazini-mashariki ya Marekani. Huko liko ziwa liitwalo Quabbin, lenye urefu wa maili 18 na eneo la maili za mraba 39. Mgeni akilitazama toka kilimani huona maji matulivu, visiwa vilivyofunikwa na miti, na tai wakizunguka angani, naye aweza kuapa kwamba ziwa hilo liko hapo tangu kuumbwa kwa dunia. Akiapa hivyo, kiapo chake si cha kweli. Quabbin ni bwawa lililofanywa kwa mikono ya watu. Maji yalianza kujazwa mwaka 1939, na likajaa mwaka 1946. Visiwa vile ni vilele vya vilima vya zamani, na chini ya maji zimelala barabara na misingi ya nyumba za miji minne: Dana, Enfield, Greenwich na Prescott.

Bwawa hilo laweza kubeba galoni bilioni 412 za maji. Pamoja na bwawa la Wachusett na mto Ware, ndilo linalowanywesha watu zaidi ya milioni mbili na nusu, wengi wao wakiwa katika jiji la Boston na miji iliyo jirani nalo. Lakini pia watu huliendea ili kuvua samaki, kutembea msituni na kutazama ndege. Basi ni kisima na ni uwanja wa mapumziko, na kwa wengine ni kaburi la kwao. Mambo hayo matatu yakaaje pamoja bila moja kuliharibu jingine? Hiyo ndiyo habari tutakayo kuieleza.

KIU YA MJI

Mji ukuao ni kama mtoto anyonyaye: hauulizi, hulia tu. Mwaka 1848 Boston ililetewa maji toka ziwa Cochituate, na wananchi wakakusanyika katikati ya mji kushangilia chemchemi ikirusha maji juu. Wakadhani wameshiba. Miaka haikupita mingi, viwanda vikaongezeka, wahamiaji wakamiminika, na maji yakapunguka. Wakubwa wa mji wakaelekeza macho yao magharibi, kwanza kwenye mto Sudbury, kisha kwenye mto Nashua, ambako boma la Wachusett lilimalizika mwaka 1905 na kumeza sehemu za vijiji vilivyokuwapo. Hata hilo likaonekana halitoshi. Ndipo wakalitazama bonde la mto Swift, mbali zaidi magharibi, lililozungukwa na vilima kila upande kana kwamba lilikuwa bakuli lililongoja kujazwa.

Bonde hilo lilikuwa na wenyewe. Wa kwanza walikuwa Wanipmuc, na jina la Quabbin latokana na lugha yao, nalo husemwa kuwa maana yake ni mahali penye maji mengi. Hao walikwisha kunyang'anywa zamani, kabla ya mhandisi yeyote kufika na kamba yake ya kupimia. Walowezi waliokuja nyuma yao walianzisha mji wa Greenwich mwaka 1754, na ile mingine mitatu ikafuata kati ya mwaka 1801 na 1822. Walilima, walifuga, walisokota nguo, na akina mama wa Dana walisuka kofia za majani ya mtende. Haikuwa miji ya matajiri. Ilikuwa miji ya watu waliojuana kwa majina, waliokutana katika baraza ya mji kila mwaka na kupiga kura juu ya barabara zao na shule zao.

Bunge la jimbo lilipitisha sheria mwaka 1926 kuhusu mto Ware, na nyingine mwaka 1927 kuhusu mto Swift. Jimbo jirani la Connecticut lilikwenda mahakamani kupinga, kwa kuwa maji ya mito hiyo hatimaye yaliteremka kwake. Lakini mwaka 1931 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba Massachusetts yaweza kuendelea. Watu wa bonde hawakuwa na mahakama ya kuwaokoa. Wao walikuwa kiasi cha 2,500. Wenye kiu walikuwa zaidi ya milioni moja. Wengi wape, walisema wahenga, na katika hesabu ya kura neno hilo halina jibu.

Nasi hatusemi kwamba mji ungeachwa ufe kwa kiu. Maji safi ndiyo yaliyoondoa kipindupindu na homa ya matumbo katika miji mikubwa ya dunia, na aliyefaidika zaidi ni mfanyakazi, ambaye hakuwa na fedha za kununua maji ya chupa wala nyumba yenye kisima chake. Lakini wahenga waliosema wengi wape hawakusema wachache wasahauliwe. Neno "wape" lina mtoaji ndani yake, na mtoaji yastahili ajulikane.

KIFO CHA POLEPOLE

Msomaji asidhani kwamba bonde liliuawa siku moja. Habari za bwawa zilianza kunong'onwa tangu mwaka 1895, wakati wakaguzi wa afya wa jimbo walipotaja bonde hilo katika taarifa yao. Toka hapo hadi sheria ya mwaka 1927 ilipita zaidi ya miaka thelathini. Ebu fikiri: nani atajenga nyumba mahali panaposemwa patazamishwa? Nani atapanua kiwanda? Nani atapanda miti ya matunda itakayozaa baada ya miaka kumi? Vijana wakaondoka, wenye viwanda wakahamia kwingine, na bei ya ardhi ikaanguka kabla mnunuzi hajafika. Yafaa jambo hili likumbukwe na kila serikali yenye mipango ya mbali: uvumi peke yake waweza kumfukuza mtu kwake, na hakuna sheria inayoamuru fidia ya uvumi.

Hatimaye wakaja wanunuzi wa serikali, shamba kwa shamba. Nyumba zilizoweza kuhamishwa zilihamishwa. Nyingine zilibomolewa na vipande vyake kuuzwa. Miti ilikatwa na kuchomwa. Makaburi zaidi ya 7,500 yalifukuliwa, na wengi wa marehemu wakazikwa tena katika makaburi mapya yaliyofanywa kwa ajili yao katika mji wa Ware, pamoja na mawe yao ya ukumbusho. Hivyo hata waliokufa walihama. Wako wasimulizi wapendao kusema kwamba maji yakipungua minara ya makanisa huonekana ikichomoza. Si kweli. Kila kilichosimama kiliangushwa, kwa sababu maji ya kunywa hayawezi kuwekwa juu ya maghala na mazizi.

Kazi hiyo ilifanywa katika miaka ya 1930, wakati Marekani nzima ilipokuwa katika dhiki kubwa ya ukosefu wa kazi. Wanaume wa Boston waliletwa kwa makundi kukata miti, wengi wakipata nafasi hizo kwa mkono wa wanasiasa wa mjini kwao. Watu wa bonde waliwabandika jina la "vigogota", yaani ndege wagongao miti, nalo halikuwa jina la heshima, maana wengi wao hawakuwa wamewahi kushika shoka. Hapo ndipo penye uchungu wa kweli. Maskini wa mjini alipewa mshahara kwa kufyeka shamba la maskini wa bondeni, na kila mmoja alimwona mwenzake kuwa ndiye adui. Mwenye njaa hachagui kazi; lakini yafaa tujue ni nani aliyewakutanisha hivyo, na kwa nini wenye bonde hawakuwekwa mbele katika ajira ya kazi iliyowaondoa.

Usiku wa tarehe 27 Aprili 1938, watu walikusanyika katika ukumbi wa mji wa Enfield kwa dansi ya kuagana. Ilipogonga saa sita ya usiku, miji ile minne ilikoma kuwapo katika sheria. Wenyeji waliokuwa wakicheza walisimama, na wengi wakalia. Siku iliyofuata hawakuwa tena watu wa Enfield wala wa Dana, kwa kuwa miji yenye majina hayo haikuwapo.

KAZI YA WAHANDISI NA KAZI YA MSITU

Boma kubwa la udongo lililozuia mto lilipewa jina la Frank Winsor, mhandisi mkuu, aliyefariki mwaka 1939 kabla hajaliona ziwa lake likijaa. Boma la pili, liitwalo Goodnough, liliziba pengo jingine la vilima. Kutoka bwawani maji hupita katika handaki lililotobolewa ndani ya mwamba kwa maili zipatazo 25 mpaka Wachusett, na yote hayo kwa mteremko, bila mashine ya kuyasukuma. Handaki hilo lina maajabu yake: katika majira ya mafuriko maji ya mto Ware huingizwa humo humo na kurudi nyuma kuelekea Quabbin, yakawekwe akiba. Njia moja, safari mbili. Ni ufundi usiopitwa na wakati.

Lakini jambo kubwa zaidi halikufanywa na saruji. Maji ya Quabbin hayapitishwi katika mitambo ya kuchuja, kama ifanyikavyo katika miji mingi. Chujio lake ni msitu. Ardhi iliyozunguka bwawa ilinunuliwa na jimbo ikaachwa iote miti, na mvua inyeshapo hupita katika majani, mizizi na udongo kabla ya kufika ziwani. Serikali kuu ya Marekani ilitaka mitambo ijengwe, na shauri likafika mahakamani. Mwaka 2000 hakimu aliamua kwamba si lazima, mradi msitu ulindwe na maji yatiwe dawa ipasavyo. Mwaka 2005 ulifunguliwa mtambo mjini Marlborough unaoua vijidudu kwa hewa ya ozoni, na mwaka 2014 ukaongezewa mionzi ya urujuanimno. Hata hivyo mlinzi wa kwanza ni mti. Akatae aliyezoea kudhani kwamba msitu usiolimwa ni ardhi isiyofanya kazi!

Ulinzi huu una mambo madogo yanayoweza kumchekesha mtu asiyejua maana yake. Wako wafanyakazi ambao kazi yao ni kuwafukuza shakwe kwa boti na fataki, wasilale karibu na mahali maji yanapochukuliwa, kwa kuwa kinyesi cha ndege elfu chaweza kuchafua kikombe cha watu milioni.

MGENI NA MASHARTI YAKE

Sasa tuje kwenye mapumziko. Watu huliendea ziwa hili kwa wingi. Wavuvi huja kutafuta samaki, watembeaji hupita katika barabara za zamani mpaka uwanja wa Dana, ambako misingi ya nyumba ingali yaonekana kati ya nyasi, kwa kuwa mahali hapo palikuwa juu ya kimo cha maji. Wengine huja kuwatazama tai wenye vichwa vyeupe. Ndege hao walikuwa wametoweka kama wazazi katika jimbo zima. Kati ya mwaka 1982 na 1988 makinda yaliletwa na kulelewa kando ya Quabbin, na mwaka 1989 wakaanza tena kuangua hapo.

Lakini mgeni hupewa masharti. Kuogelea ni marufuku. Mbwa hawaruhusiwi. Boti huingia sehemu maalumu na kwa majira maalumu, na sehemu kubwa ya ardhi, pamoja na visiwa na rasi ya Prescott, imefungwa kwa watu wote. Tangu mwaka 2009, baada ya kome wadogo wenye milia kugunduliwa katika ziwa jingine la jimbo hilo, boti ya mtu haiingii mpaka ihakikishwe kwamba haibebi wadudu hao, ambao huzaana na kuziba mabomba.

Wako wanung'unikao. Ziwa kubwa namna hii, wasema, na mtu asitie mguu! Tena ni mali ya umma! Hoja hii tunaisikia kila mahali palipo na mali ya wote, nayo yahitaji jibu la adabu. Mali ya umma si mali isiyo na mwenyewe. Ni mali yenye wenyewe wengi, na wengi wao hawapo hapo siku ile mmoja anapotaka kuruka majini. Mama ampikiaye mtoto uji maili sitini mbali na ziwa ana haki juu ya maji yale sawa na mvuvi aliye ufukweni, naye hana sauti pale isipokuwa ile ya sharti lililoandikwa.

Tena masharti mazuri si ya kukataza tu. Kwa miaka mingi uwindaji ulikatazwa Quabbin, na kulungu wakazidi mno hata wakala miche yote, msitu ukawa na wazee bila watoto. Mwaka 1991 wawindaji waliruhusiwa kwa idadi na kwa siku zilizopangwa, na miche ikaanza kuota tena. Hapo starehe ya mwindaji ikawa kazi ya kulinda chujio. Na ilipotokea mwaka 2016 kwamba wataalamu wanataka kuweka nyoka adimu wenye sumu katika kisiwa cha Mount Zion, wananchi walipaza sauti, wakiogopa nyoka na wakiogopa zaidi kufungiwa njia zao. Mpango ukawekwa kando mwaka 2017. Mtu aweza kucheka hofu ya nyoka, lakini asicheke jambo lenyewe: safari hii watu wa karibu waliulizwa, na jibu lao likasikiwa.

USIPOZIBA UFA

Tumefika kwenye sehemu ya habari hii ambayo yatupasa kuishika kwa mikono miwili. Katika miaka ya 1960 ukame mkali uliipiga nchi ile, na mwaka 1967 Quabbin ikashuka chini ya nusu ya ujazo wake. Wataalamu walikadiria kwamba mabwawa yote yaweza kutoa galoni milioni 300 kwa siku bila hatari. Lakini tangu mwisho wa miaka hiyo mpaka karibu na mwisho wa miaka ya 1980, mji ulikuwa ukitumia zaidi ya hizo. Wakubwa wakarudia wazo la babu zao: tutafute mto mwingine. Ukatajwa mto Connecticut.

Wananchi wa magharibi walisimama wakakataa. Walilijua bonde la Swift, na hawakutaka kuwa wa pili. Mamlaka mpya ya maji iliyoanza kazi mwaka 1985 ikalazimika kuuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mapema: maji tuliyo nayo yanakwenda wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari. Walipotazama, wakakuta mengi yalikuwa yakivuja chini ya barabara katika mabomba ya kale, hayamfikii mtu yeyote.

Basi mafundi wakatumwa. Usiku, mji ulalapo na kelele kupungua, walisikiliza mabomba kwa vyombo vya kutambua mvujo, wakachimba, wakaziba. Nyumba zaidi ya laki tatu zilifungiwa vifaa vya kupunguza maji bombani na msalani. Mwaka 1989 Massachusetts ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kuagiza kwamba choo kipya kisitumie zaidi ya galoni 1.6 kwa mvuto mmoja. Ni kweli kwamba kufungwa kwa viwanda kadha na kupanda kwa bei ya maji pia kulisaidia. Lakini matokeo hayana ubishi: matumizi yalishuka mpaka karibu na galoni milioni 200 kwa siku, ingawa watu hawakupungua. Mto Connecticut haukuguswa, wala hakuna familia iliyofukuzwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeikariri tangu utoto, na huko Boston ilithibitika kwa galoni. Bwawa la pili walilolitafuta mbali lilikuwa chini ya miguu yao, na waliolijenga hawakuwa wahandisi wenye majina ya kuandikwa juu ya boma, bali mafundi wa bomba wenye matope magotini. Hatujui mnara uliojengwa kwa ajili yao. Yafaa wapewe japo aya moja ya gazeti.

DENI LALIPWAJE?

Hesabu ya bonde haijafungwa. Miji inayolizunguka ziwa yaendelea kudai kwamba yabeba mzigo wa kulinda maji ambayo faida yake yaenda mashariki: ardhi kubwa isiyojengwa, barabara zisizopita, kodi isiyokusanywa kama ambavyo ingalikusanywa. Katika miaka ya karibuni miswada imepelekwa katika bunge la jimbo ili miji hiyo ipate fungu zaidi. Dai hilo si la watu wakorofi. Ni la watu wanaokumbusha.

Waliohamishwa hawawezi kurudishiwa bonde, kwa maana maji hayarudi nyuma na Dana haitafufuka. Kwa hiyo deni la namna hii halilipwi kwa machozi, wala kwa hotuba za siku ya ukumbusho. Hulipwa kwa matendo matatu. La kwanza ni kulinda kile walichokitoa, ili sadaka yao isigeuke dimbwi la taka. Na ndiyo maana aendaye huko kujiburudisha akubali kuwa mgeni mwenye adabu. La pili ni kuwapa haki walio karibu na maji, kwa kuwaahirisha ni kuwadhulumu mara mbili. La tatu, nalo ndilo zito kuliko yote, ni kutopoteza. Kwa sababu kila tone livujalo bure barabarani huongeza nguvu ya hoja ya mtu atakaye kuzamisha bonde jingine.

Anayefunga bomba lililoachwa wazi hafanyi ubahili. Anamwacha mtu fulani, asiyemjua na asiyemwona, alale nyumbani kwake.